Nani Mwalimu wa Kiingereza? Makerere, Washington na Mwaka 1961



Ukitaja mkutano wa Makerere mbele ya msomi yeyote wa Afrika Mashariki, akili yake inakimbilia Juni 1962: waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza, Achebe na Soyinka wamekuja, Ngũgĩ bado mwanafunzi, na mjadala ule usiokwisha juu ya lugha ya fasihi yetu. Sina neno na mkutano huo. Lakini miezi 17 kabla yake, Januari 1961, palepale Makerere, ulifanyika mwingine ambao haukuwa na washairi, na kwa maoni yangu umegusa maisha ya watu wengi zaidi. Ulikuwa mkutano wa Jumuiya ya Madola kuhusu kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili.

Nauleta kwa sababu vijana wetu wa hapa Washington na vitongoji vyake, kuanzia Silver Spring mpaka Alexandria, wanaulizia sana habari za vyeti vya kufundisha Kiingereza nchi za nje. Kijana ana digrii, Kiingereza anacho tangu chekechea, kazi ya hapa imemchosha, anasikia Korea au Uarabuni wanatafuta walimu. Anauliza: nisome cheti gani? Kila nikitaka kujibu naona siwezi kueleza cheti bila kueleza historia, maana sehemu ya historia hiyo ilipikwa nyumbani kwetu na sehemu ikapikwa katika mji huu tunaoishi.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1913 Cambridge walianzisha mtihani wa umahiri wa Kiingereza. Uliwakusudia wageni, watu ambao Kiingereza si lugha yao, waliotaka ushahidi kwamba wanakijua vya kutosha kwenda kukifundisha katika shule za kwao. Mtihani ulichukua saa 12: tafsiri, sarufi, insha, fonetiki, kusoma kwa sauti. Mwaka ule wa kwanza walijitokeza watahiniwa 3, na wote 3 wakaanguka. Tusiwacheke, maana sidhani kama wengi wetu tungepita. Muhimu ni wazo lililokuwa nyuma ya mtihani: mwalimu wa Kiingereza nje ya Uingereza ni mgeni aliyekisoma, akakitolea jasho, akapimwa. Uzawa haukuulizwa. Ilipofika miaka ya 1960 wazo hilo lilikuwa limegeuzwa miguu juu, kichwa chini.

Waliogeuza ni nani? Robert Phillipson, ambaye alifanya kazi British Council kabla ya kuwa mkosoaji wake mkubwa, anasema tutazame Makerere 1961. Katika kitabu chake cha 1992, Linguistic Imperialism, ameichambua ripoti ya mkutano ule akachomoa nguzo 5: kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza chenyewe bila lugha nyingine, kwamba mwalimu bora ni mzawa wa lugha, kwamba kianze mapema iwezekanavyo, kwamba kikifundishwa zaidi ndivyo matokeo yanavyozidi kuwa mazuri, na kwamba lugha nyingine zikitumika sana Kiingereza kitashuka. Zote 5 akaziita upotofu. Nguzo ya 2 ndiyo inayotuhusu leo.

Mimi Phillipson namsoma kwa tahadhari kidogo. Ripoti yenyewe inashughulika sana na jinsi ya kuwafunza walimu wa nchi husika, na hakuna aliyesimama pale akasema Mwafrika asifundishe Kiingereza. Lakini nguzo haihitaji kutamkwa ili ibebe nyumba. Wataalamu, washauri na waandishi wa vitabu walitazamiwa watoke Uingereza, na kipimo cha Kiingereza safi kilikuwa mdomo wa Mwingereza. Mwalimu wa Kiganda au wa Kichagga alikuwa wa kujazia nafasi mpaka kiwango kipatikane.

Na nafasi zilikuwa wazi kweli. Tuwe wa haki katika hili. Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961, Uganda Oktoba 1962, Kenya Desemba 1963. Shule za sekondari zilikuwa zinaongezwa mbiombio ili nchi zipate makarani, waganga na mahakimu wake, walimu wa Kiingereza wa enzi ya ukoloni walikuwa wanafunga mizigo, na Waafrika wenye digrii walikuwa wa kuhesabika, tena kila mmoja akigombewa na wizara. Desemba 1960 wakuu wa elimu wa Marekani, Uingereza na Afrika Mashariki walikutana Princeton, ukatoka mpango wa Teachers for East Africa. Fedha zilitoka serikalini Washington, kwa shirika lililokuja kuitwa USAID (hilo hilo lililovunjwa mwaka 2025). Mafunzo yaliendeshwa na Teachers College ya Columbia, New York. Mwaka 1961 wakaanza kuja. Mamia ya vijana wa Kimarekani walipita katika shule zetu kwa mpango huo, na wako wazee humu wanaowakumbuka kwa majina na kwa wema.

Kuna jambo moja katika mpango huo ambalo halisemwi vya kutosha. Wale waliokuwa na digrii lakini hawajasomea ualimu walipelekwa kwanza Makerere, wakachukua diploma ya elimu hukohuko, ndipo wakagawiwa shule. Yaani Mmarekani alisafiri kutoka kwao hadi Kampala kwenda kupata sifa za kufundisha, akazipata katika chuo cha Kiafrika! Sifa ya darasani alipewa na Makerere. Sifa ya lugha alizaliwa nayo.

Peace Corps nayo ilianzishwa kwa amri ya Rais Kennedy tarehe 1 Machi 1961, makao yake Washington. Kundi la kwanza lililokwenda Tanganyika lilikuwa la wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia. Walimu walifuata baadaye, wakaenea Kenya, Uganda na Tanzania, ingawa kwa Tanzania walitoka mwaka 1969, Elimu ya Kujitegemea ikiwa imeshika na Vietnam ikiwa imeharibu hewa, wasirudi mpaka 1979. Hao mafunzo yao kabla ya kuingia darasani yalikuwa ya miezi michache tu.

Sasa tazameni kilichotokea hapa mjini katika mwaka uleule. Tarehe 11 na 12 Mei 1961 wataalamu walikutana Washington, wakiitwa na Center for Applied Linguistics, taasisi ya isimu iliyokuwa imeanzishwa hapa miaka 2 nyuma chini ya Charles Ferguson. Ajenda: Kiingereza cha wanafunzi wa kigeni wanaoomba vyuo vya Marekani kipimwe vipi? Kutokana na mkutano huo likaundwa baraza la taifa la mtihani mwaka 1962, David Harris wa Georgetown akapewa kazi ya kuusimamia, na mwaka 1964 TOEFL ikafanywa kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata mtihani ukahamia New Jersey chini ya Educational Testing Service, lakini kitovu chake kimezikwa hapa.

Wawekeni vijana 2 sambamba. Mmoja ametoka chuoni Ohio, ana digrii ya historia. Mwingine ametoka sekondari Bukoba au Maseno, amefaulu mtihani wa Cambridge uliosahihishwa Uingereza, na amesoma Shakespeare kwa taa ya chemli. Wa kwanza anapanda ndege kwenda Afrika Mashariki na hakuna anayemuuliza anakijua Kiingereza kiasi gani. Wa pili anaomba chuo Marekani, anaambiwa: tuthibitishie. Sisemi mtihani ulikuwa uonevu mtupu, maana chuo kina haki ya kujua mwanafunzi atamwelewa profesa au la. Nasema tu kwamba katika mwaka mmoja, kwa fikra za watu wa aina moja, Kiingereza cha mmoja kilichukuliwa kuwa ni damu na cha mwenzake kikachukuliwa kuwa ni madai yanayotaka ushahidi.

Kama hadithi ingeishia hapo ningesema ni mambo ya ukoloni tuliyoyazoea. Lakini vukeni mto Potomac, mwende Arlington.

Pale Foreign Service Institute, chuo cha wanadiplomasia wa Marekani, walikuwa wanafundisha Kiswahili. Aliyeongoza kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960 ni Earl Stevick, mwanaisimu wa Kimarekani. Kitabu chao, Swahili Basic Course, kinabeba majina 3: E. W. Stevick, J. G. Mlela na F. N. Njenga. Wengi wenu mmekiona, na siku hizi kanda na kurasa zake zimejaa kwenye intaneti bure. Utaratibu wa chuo kile ulikuwa hivi: kila lugha ina mwanaisimu, ambaye kwa kawaida ni Mmarekani, anayepanga masomo na kuamua mbinu, kisha wako wazawa wa lugha wanaoketi na wanafunzi saa kwa saa, wanatamka, wanarudiarudia, wanasahihisha. Mzawa ni sauti. Mwanaisimu ndiye mtaalamu.

Kwa hiyo katika mji mmoja, miaka ileile, palikuwa na mizani 2. Kwa Kiingereza, kuzaliwa na lugha kulikuwa sifa karibu ya kutosha. Kwa Kiswahili, kuzaliwa na lugha kulikufanya msaidizi wa mtu aliyejifunza ukubwani. Mimi naona mizani ya pili ndiyo iliyokaribia ukweli, na kasoro yake ni kwamba haikutumiwa kwa lugha zote. Kuongea lugha si kuijua kwa namna ya kuifundisha. Muulize Mswahili wa Mji Mkongwe kwa nini tunasema “kitabu changu” lakini “rafiki yangu” na “kipofu huyu”, atakujibu: ndivyo inavyosemwa, bwana! Mmarekani naye muulize kwa nini lugha yake inatofautisha tendo lililopita na tendo lililokwisha kufanyika, atakupa jibu hilohilo kwa lafudhi nyingine. Mwalimu aliyejifunza lugha ukubwani anajua mwanafunzi atateleza wapi kwa sababu yeye mwenyewe aliteleza hapohapo.

Na Stevick mwenyewe? Huyu bwana, aliyefariki mwaka 2013, alikuja kuwa mmoja wa wanafikra wakubwa wa ufundishaji lugha. Memory, Meaning and Method cha 1976 na A Way and Ways cha 1980 vimesomwa na vizazi vya walimu wa Kiingereza. Lakini mbinu yake ya awali, aliyoiita “microwave”, aliijenga kwa kiasi kikubwa juu ya Kiswahili: mzunguko mfupi wa swali na majibu yake machache, kwanza mnaigiza na kukariri, halafu mara moja mnayatumia kuulizana mambo ya kweli. Swahili: An Active Introduction ya 1966 imejengwa kwa mizunguko ya namna hiyo. Basi mwanafunzi wa cheti anayefundishwa leo kuanza na zoezi fupi kisha kuwaacha wanafunzi waongee, huenda hajui kwamba wazo linalofanana na hilo lilijaribiwa Arlington kwa “Unatoka wapi?” na “Unakaa wapi?”, mbele ya akina Mlela na Njenga. Sidai kwamba Kiswahili ndicho kilichozaa taaluma nzima, hapana. Nadai kimo katika msingi wake na hakitajwi.

Taaluma hiyo ikapata nyumba yake rasmi hapahapa. Chama cha walimu wa Kiingereza kwa wasemaji wa lugha nyingine, TESOL, kiliundwa New York Machi 1966, na ofisi yake ikawekwa Georgetown chini ya James Alatis, mtoto wa Wagiriki wa West Virginia, aliyeiongoza kwa miaka 20 na zaidi. Baadaye chama kikahamia Alexandria. Jarida lake likaanza 1967.

Katika miaka hiyohiyo Ford Foundation iligharimia utafiti mkubwa wa lugha Afrika Mashariki, ule uliotupa Language in Kenya cha Whiteley (1974) na Language in Tanzania cha Polomé na Hill (1980). Mmoja wa wakuu wake alikuwa Clifford Prator wa UCLA. Mwaka 1968 Prator alichapisha makala kali akiwashutumu Waingereza kwa “uzushi”: ati wameanza kukubali kwamba Kiingereza cha Kihindi au cha Kiafrika kinaweza kuwa kigezo cha kufundishia. Fikirini kidogo. Mmarekani anawakanya Waingereza kwa kutokuwa wakali vya kutosha juu ya Kiingereza chetu! Aliyemjibu ni Braj Kachru, Mkashmiri, mwaka 1976, katika jarida la TESOL lenyewe. Nawashauri wasomi wa isimu wasome makala hizo 2 pamoja, moja baada ya nyingine, jioni moja.

Kuanzia hapo mlango ukafunguka polepole. Phillipson akaja 1992. Mwaka 1998 walimu wasio wazawa wakaunda umoja wao ndani ya TESOL. Na mwaka 2006 chama kikatoa tamko la kupinga ubaguzi dhidi ya walimu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Miaka 45 baada ya Makerere.

Lakini tamko ni tamko na viza ni viza. Korea Kusini, kwa viza yake ya walimu wa lugha inayoitwa E-2, inatambua Kiingereza cha pasipoti za nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Digrii iwe ya somo lolote. Kenya haimo, Uganda haimo, Tanzania haimo. Binti wa ndugu yangu, mwenye pasipoti ya Kenya, alisomea cheti katika eneo hili kwa fedha zake, akapata alama za juu darasani, akaandikiwa na shule moja ya mbali huko Asia kwamba wamefurahi sana na somo lake la majaribio, tatizo ni pasipoti. Aliyepata nafasi ile, alivyosikia baadaye, hakuwa na cheti kabisa. Mjomba, aliniuliza, sasa ile saa 120 nilikuwa nasomea nini?

Nilimwambia ukweli kama ninavyouona. Cheti kizuri, kwa mfano CELTA ya Cambridge, kina saa zisizopungua 120 za mafunzo pamoja na saa 6 za kufundisha watu halisi huku mkufunzi anakutazama. Hicho kinakufunza kazi. Vile vinavyouzwa kwenye intaneti kwa bei ya viatu, bila hata saa moja ya kusimama mbele ya wanafunzi, ni karatasi. Ila hata kile kizuri hakibadilishi pasipoti, na mwenye kukuuzia hatakwambia hilo kabla hujalipa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtu wetu si cheti gani, ni nchi gani, na sheria yake ya viza inasemaje. Aliyekwisha kupata uraia wa Marekani yuko katika hali nyingine kabisa: kwa Kiingereza kilekile cha Kisumu au cha Moshi, siku anapokula kiapo anaanza kuhesabiwa mzawa wa lugha katika fomu nyingi. Hata mpango wa wizara ya mambo ya nje wa kupeleka wataalamu wa Kiingereza duniani, ambao kwa miaka mingi Georgetown waliusaidia kuuendesha, ulidai uraia pamoja na shahada ya taaluma hiyo. Haukudai mahali pa kuzaliwa.

Zipo njia ambazo watu wetu wamepita bila kuombwa radhi ya mtu. Wazanzibari waliorudi Oman baada ya 1970 walikuta nchi inayoanza kujenga shule na wizara, na Kiingereza walichokipata katika shule za Unguja kikawafungulia milango ya ofisi na ya kampuni ya mafuta. Rwanda ilipoamua mwaka 2008 kuhamisha elimu kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, walimu wa Uganda na Kenya walivuka mpaka, na mwaka 2022 wakaajiriwa 154 kutoka Zimbabwe. Huko “mzawa wa lugha” halikuwa suala. Suala lilikuwa nani anaweza kufundisha.

Na kwa walio vyuoni hapa, tazameni mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha za kigeni, unaotoka ofisi za Washington. Kwa miaka mingi Wakenya na Watanzania wamekuwa wakija kwa mpango huo kufundisha Kiswahili katika vyuo vya Marekani. Wengi wao kwao ni walimu wa Kiingereza. Wanachaguliwa kwa sababu ni walimu wa Kiingereza, wanafanya TOEFL kabla ya kupanda ndege, wanafika hapa wanapewa darasa la Kiswahili kwa sababu ni wazawa, chini ya profesa anayesimamia silabasi, na baada ya mwaka wanarudi nyumbani kuendelea kufundisha Kiingereza.

Wasalaam.